Kidole Kilichovishwa Ndulele

Mwanangu, kila nikiona matunda ya ndulele yameiva njano kando ya njia, nakumbuka msimu ule nilipochomwa na ganda la pamba huku kwetu Sapiwi nikapata mdudu wa kidole, lile jipu la kidoleni. Nilikuwa binti, bado sijaolewa. Wewe unayekuja kuvuna wakati wa likizo tu hujui ganda kavu la pamba lilivyo na ncha. Kidole kilivimba, kikawa kinapwita mpaka nikashindwa kula.

Bibi, mama yake baba, alichoma ndulele kwenye majivu, akaitoboa, akanivisha kidoleni ikiwa vuguvugu. Usaha ukaanza kuvutwa. Lakini uvimbe ukapanda hadi kiganjani, na homa ikanishika. Bibi akaivua, akamwambia baba, "Hapa mimi nimefika mwisho. Tumpeleke zahanati."

Baba alikubali, ila njiani akatuonya, "Huko msitaje ndulele. Watatugombeza." Ndivyo tulivyozoea huku, na wengine hadi leo: dawa ya nyumbani haitajwi mbele ya nesi.

Nesi alipoona kidole cheusi tii, uso ulimbadilika. Akasema nyama imekufa, twende hospitali Bariadi, na huenda kikakatwa. Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake. Nililia, mwanangu, bila aibu yoyote.

Bibi akasogea mbele. "Mayu, mama yangu, usinikatie mjukuu. Huo weusi ni maji ya ndulele na majivu, nimemvisha mwenyewe. Leta maji na sabuni uone."

Nesi akaosha taratibu. Ikatokea ngozi nyekundu, yenye uhai. Akaminya kidogo, nikapiga yowe, naye akacheka kwa furaha. "Si mngesema toka mwanzo!" Akauliza kama nimeinywa pia. Bibi akaruka, "Kunywa? Ile ni sumu!" Basi nesi akapasua jipu, akatoa usaha, akanichoma sindano, nami nikahisi mwili mzima umetua mzigo.

Tulipotoka, bibi alimwambia baba jambo moja tu. "Ulitaka mwanao akatwe kidole ili wewe usigombezwe?" Baba akainama mbele yangu. Alinibeba mgongoni, msichana mzima mimi, mpaka nyumbani.

Siku hizi wataalamu wanaichunguza ndulele. Wanasema ina kemikali zinazopambana na vijidudu, na humohumo zimo zinazoweza kumdhuru anayeila. Mimi sishangai. Kwa hiyo usiidharau dawa ya bibi, wala usiitwishe kazi isiyo yake. Na ukifika kwa daktari sema yote: ulichopaka, ulichokunywa, hata kile unachokionea haya. Akikugombeza, mwache agombeze, mradi akutibu akijua.

Mungu akuepushe na maradhi, mwanangu. Na yakikupata, akujalie mtu wa kusema ukweli pale wewe utakaposhindwa.