Usiku Tatu za Katungu

Mama Bénédicte njo anahesabu masaa ya kazi ya walinzi na ya sisi wafagiaji wa chuo kikuu. Mutu akitumika usiku, anamuongezea prime, ile feza ya juu ya mushahara. Akipitisha masaa, anamuongezea tena. Hapendi uongo, na mudomo yake haina breki.

Juzi alimuita Katungu, mama mulinzi wa geti.

«Daftari inasema mwenzako Ushindi alilinda usiku tatu. Mie nilimuona kwenye kilio ya mama yake, anaota moto. Nani alilinda?»

Katungu akajikuna. Kwetu, mwenzako akifiwa, unalinda pahali pake na unaandika jina yake, ili wasimukate mushahara.

«Ni miye, mama. Musimukate, tafazali.»

«Nani anamukata? Mutu akifiwa na mama yake, siku za kilio zinalipwa! Na we unatupa prime yako bure, kama vile uko na mashamba Butembo!»

Akamuandikia Ushindi ruhusa ya kilio, na Katungu usiku zake tatu, pamoja na masaa ya ziada.

Katungu akaanza kuhesabu kwa vidole vilio vyote alivyolindia wenzake kwa miaka tisa.

«Wacha, mama Katungu,» Mama Bénédicte akamuambia. «Ile feza ilishaliwa.»