Neno Moja la Iteka

Kwa karibu miaka thelathini Épiphanie hakuwa na wa kumwita mama. Binti yake Iteka alipotea mwaka 1996, wakimbizi walipotawanyika huko Kongo. Alikuwa na miaka mitatu, mwili ukichemka kwa homa. Épiphanie alimwacha kwenye hema la wauguzi akaenda kutafuta maji. Aliporudi, hema halikuwepo.

Mtoto alilelewa Uingereza na mmoja wa wauguzi wale. Mwaka jana, shirika la kutafuta waliopotezana likawakutanisha kwa simu.

Iteka hajui Kinyarwanda. Épiphanie, aliyekuwa karani mtaani Kiyovu enzi ofisi zikitumia Kifaransa, Kiingereza anakibahatisha tu. Basi wakawa wanatumiana picha na salamu fupi fupi. Tikiti ikakatwa, ya Agosti. Épiphanie akapaka rangi chumba cha nyuma nyumbani kwake Kagugu, akaenda kwa maseremala wa Gisozi kuagiza kitanda.

Wiki mbili kabla ya safari, ujumbe ukaingia: Iteka alikuwa "so anxious" kumwona.

Épiphanie akaketi. Neno hilo hakuona haja ya kumuuliza mtu. Kifaransa kinalo, karibu herufi kwa herufi, na maana yake ni mtu aliyebanwa na hofu. Mtoto ananiogopa, akajiambia. Na kwa nini asiniogope? Si mimi niliyemwacha?

Siku mbili aliusoma ujumbe ule tena na tena. Siku ya tatu akaandika kwa Kiingereza chake, akidhani anamtua binti yake mzigo: usiwe "anxious", usije.

Saa moja baadaye likaja jibu: Nimeelewa.

Jioni hiyo jirani yake Norman, aliyesomea Kampala, alimkuta analia barazani. Akaomba simu, akasoma, akarudia kusoma.

"Mama Iteka, nani alikwambia mtoto anaogopa?"

"Si ameandika mwenyewe?"

"Hapana, mama. Kweli, mtu akiwa 'anxious' juu ya jambo fulani, ana wasiwasi nalo. Lakini akisema yuko hivyo kumwona mtu, ana hamu. Siku haziendi. Alikuwa anakwambia hawezi kungoja."

Épiphanie akamkazia macho. "Na mimi nimemjibu nini?"

Norman akamrudishia simu. "Umemwambia asiwe na hamu nawe. Na asije."

Walipiga simu mpaka chaji ikaisha. Norman akamwandikia Iteka maelezo marefu, neno kwa neno, jinsi kosa lilivyotokea, lakini hayakusomwa. Shirika nalo likasema linaheshimu uamuzi wa binti. Siku ya ndege ikafika, ikapita.

Septemba, asubuhi moja, Épiphanie akapiga tena kama alivyopiga kila siku. Safari hii ikapokelewa. Akasikia mtu anapumua.

"Iteka?"

Épiphanie alikuwa amekariri sentensi aliyofundishwa na Norman, lakini sasa kila neno la Kiingereza lilimtisha: lipi lina maana moja, lipi lina mbili? Akaiacha. "Ngwino, mwana wanjye," akasema kwa lugha yake. Njoo, mwanangu. Akayarudia maneno hayo, sauti ikivunjika, mara tatu, mara nne.

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni mkono wa mtu, hakujua. Akabonyeza namba ile tena, na tena, huku akiita jina la mtoto chumbani peke yake.