Injini ndogo ya Baba imekaguliwa leo kwa kijiko cha chai

Leo Baba kanifelisha, na mimi nina karakana yangu mwenyewe!

Mnazikumbuka landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Changamwe? Mwaka 1989 Baba alipewa boksi la vipande 64 vya metali laini, vya kuunda injini ndogo ya treni. Tukakaa nalo sakafuni, mimi naye. Nikalehemu kwa chuma nilichokipasha kwenye jiko la makaa, na bomba la moshi likayeyuka kama siagi.

Akafunga boksi. "Mikono yako haifai kazi hii."

Neno hilo nimelibeba mpaka nikawa fundi, bila kufundishwa na mtu.

Mwezi huu nikalifungua tena lile boksi. Vipande 63 vilikuwepo. Cha 64, lile bomba la moshi, nikakichonga kwa shaba. Leo nikampelekea, rangi inang'aa.

"Shikamoo Baba. Nimeimaliza."

"Marahaba. Lete."

Akachukua kijiko, akaanza kugonga magurudumu, moja moja, sikio karibu. Ndiyo iliyokuwa kazi yake reli: kugonga magurudumu na kusikiliza kama ni mazima. (Ukimwita aje kula, hasikii!)

Matano yakapita. La sita akaligonga mara mbili.

"Hili limelegea."

"Wallahi Baba, nimelikaza."

"Lishike."

Nikalishika. Likacheza.

Nikalikaza mbele yake, jasho linanitoka. Akagonga tena, akasikiliza, akaiweka injini juu ya redio yake.

"Haya. Na mabehewa unaanza lini?"

Watoto wa reli mlioko hapa, niambieni: hiyo ni sifa au ni amri?