Ng'ombe wa dada yangu ndiye aliyeniachisha deodorant ya dukani

Wakuu, mlioamka salama nawasalimu, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Humu kila baada ya wiki mbili anatokea mtu anauliza kama deodorant za viwandani zina madhara, na kama ni kweli mafuta ya nazi yanatosha. Wanaojibu huwa wa aina mbili: wanaosema utakufa, na wanaosema njoo PM.

Mimi sina kopo la kuuza. Nina kisa kimoja kilichonipata likizo iliyopita, na kwa kuwa sehemu yake kubwa inanidhalilisha, hamna sababu ya kudhani nimekitunga.

Nijitambulishe kidogo. Ni mwalimu wa kemia, sekondari moja huku Kayanga. Umri unagonga hamsini. Natoka jasho kuliko kazi ninayoifanya.

Tangu mwaka wa kwanza chuo natumia spray ya aina moja, yenye aluminium ya kuzuia jasho na manukato ya kuzuia watu wasijue kwamba jasho halikuzuilika. Nikijipuliza asubuhi mke wangu hufungua dirisha. Miaka yote nilidhani anataka kuona hali ya hewa.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba neno "kemikali" si tusi. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Msimamo huo bado ninao, na ndiyo maana kilichofuata kiliniuma kidogo.

Tuendelee.

Dada yangu Adela ndiye wa kwanza kuzaliwa kwetu, mimi wa mwisho. Anaishi Songambele, Kyerwa. Mumewe, shemeji Petro, alifariki miaka miwili iliyopita. Dada ana migomba, kahawa kidogo, mjukuu wa kike wa miaka miwili anayemlea, na ng'ombe mmoja anayeitwa Bihogo kwa sababu ya wekundu wake uliokolea.

Maziwa ya Bihogo ndiyo uji wa mtoto asubuhi, na siku nyingi ndiyo mboga ya jioni. Ng'ombe huyo akikauka, nyumba ile inabaki na ndizi na chumvi.

Sasa dada akateleza shambani kwenye majani ya migomba yaliyolowa, akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa plasta. Ng'ombe hakamuliwi kwa mkono mmoja. Jirani yake, Erasto, alijitolea kusaidia. Siku ya pili Bihogo akampiga teke la goti, Erasto akakumbuka kwamba naye ana shughuli zake.

Niliposikia, shule zilikuwa zinafungwa. Nikasema nakuja. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mimi nilikuwa nakamua ng'ombe wa baba tangu darasa la tatu. Ilikuwa kweli. Sikutaja kwamba niliacha darasa la saba.

Asubuhi ya kwanza nikaoga, nikajipuliza kama naenda kikao cha wazazi, nikashika njia ya zizini.

Waliokulia kwenye ng'ombe hapo wameshacheka. Wengine niwaeleze.

Ng'ombe wetu wa kienyeji si bomba kwamba unafungua tu. Unamwachia ndama anyonye kidogo. Maziwa yakishashuka unamtoa ndama, unachuchumaa, unakamua. Ng'ombe asipokutaka anayabana. Unaona kiwele kimejaa, unavuta chuchu, hakitoki kitu. Akizoea kubana, haichukui siku nyingi anaanza kukauka, na akishakauka utamsubiri mpaka azae tena.

Bihogo alinigeuzia pua, akapiga chafya mbili, akabana.

Jioni ikawa vilevile. Erasto alikuwa ameegemea uzio, anachua goti lake. Akasema, "Mwalimu, labda mwandikie ubaoni."

Siku ya tatu nilichopata hakikufunika kitako cha ekyanzi, kile chombo cha mti cha kukamulia. Dada akakipokea kwa mkono wake mzima, akatazama ndani, akanitazama mimi, akasogea karibu akaninusa begani. Kama mtu anayenusa samaki gulioni.

"Unanuka duka," akasema.

Nikamwambia hiyo ni deodorant, dada, ni usafi. Akasema usafi anaujua. Bihogo pia anaujua. Ila ng'ombe hajawahi kukamuliwa na duka.

Wakuu, hapa mtu mwenye akili za kawaida angeoga kwa maji matupu na kusubiri. Mimi nina shahada. Nikafungua simu.

Nikasoma nusu siku kuhusu deodorant za asili. Nikajifunza kwamba duniani kuna watu wanachanganya mafuta ya nazi, baking soda, unga laini wa wanga na mafuta ya maua, na wanaishi kwa amani. Nikajiambia jibu ndilo hili: niache kemikali, nishike vitu vya asili, ng'ombe atanielewa.

Nikaenda dukani senta. Mafuta ya nazi yalikuwepo, ya nywele. Badala ya wanga wao nikachukua unga wa muhogo, nikauchekecha kwa kitambaa. Kwa harufu nikachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai.

Baking soda haikuwepo. Muuza duka akasema ana magadi.

Naomba mtulie hapa. Magadi ni yale tunayoweka kwenye maharage magumu yaive haraka. Mimi ni mwalimu wa kemia. Najua kwamba magadi na baking soda ni ndugu, na najua kwamba huyu ndugu ni mkali zaidi. Nimelifundisha hilo. Kuna swali la mtihani nimewahi kulitunga juu yake. Nikasema, si ni ndugu tu. Nikanunua.

Nikachanganya, nikajipaka, nikaenda zizini nikinuka kama mtu aliyejifukiza mafua.

Bihogo safari hii hakupiga chafya. Alisogea mpaka kamba ikakaza, akanigeuzia makalio.

Kumbe mkaratusi ni wa asili, lakini hata simba ni wa asili. Ng'ombe hakuwa na ugomvi na aluminium. Alikuwa na ugomvi na mgeni, na kila nilichojipaka kilizidi kumtangaza mgeni.

Kufikia kesho yake makwapa yangu yalikuwa mekundu na yanawaka. Nikawa natembea mikono nimeiachanisha na mwili kama kuku anayepunga hewa. Dada hakucheka. Nilitamani angecheka. Siku hiyo uji wa mtoto ulipikwa kwa maji, na mtoto aliutazama, akausukuma.

Nikamuuliza dada jambo ambalo nilitakiwa kuuliza siku ya kwanza. Yeye Bihogo alimkubalije? Maana Petro ndiye aliyekuwa anakamua.

Akanieleza kwamba Petro alipofariki, Bihogo alimbania siku nne. Siku ya tano alivaa koti la Petro, lile la zizini. Ng'ombe akanusa mkono wa koti, akaachia. Tangu hapo anakamua nalo. Hajalifua hata mara moja.

Nikauliza kama Erasto alipewa koti hilo. Akasema hakupewa mtu.

Nikaelewa kwamba natakiwa kuishia hapo, lakini nikaomba. Nikamwambia, dada, tumebakiza siku chache kabla ng'ombe hajakauka. Nipe koti, nivae kesho.

Hakupandisha sauti. "Wewe ukilivaa na manukato yako," akasema, "mimi nitabaki na kitambaa."

Nilikuwa na jibu. Walimu tuna majibu. Ningeweza kumwambia kwamba hata bila mimi harufu inapungua kila siku, ni molekuli tu, zinaondoka. Nashukuru nilinyamaza. Ni moja ya mara chache katika likizo ile nilizotumia elimu yangu vizuri.

Baadaye nilirudi nikamwambia: nipe siku tatu, sitajipaka chochote. Ukininusa ukaona niko safi kwa kipimo chako, utaamua mwenyewe. Akasema tutaona.

Kwa hiyo nikaanza kuvua duka mwilini.

Niliona ni kazi ndogo, kumbe manukato yalikuwa kila mahali. Sabuni yangu ya kuogea ilinukia, nikahamia sabuni ya kipande isiyo na harufu. Mashati yalinuka sabuni ya unga, dada akaagiza yachemshwe. Mafuta ya nywele, basi. Hata mfuko wangu wa safari ulitolewa nje ukakae kwenye kamba.

Kwa makwapa yaliyoungua alinipa samli tupu, kidogo kwenye ncha ya kidole. Mashati yakishakauka aliyatundika juu ya moshi wa nyasi kavu, moshi uleule anaofukizia ekyanzi baada ya kukiosha, ili maziwa yasichachuke na yawe na ile ladha tunayoijua.

Asubuhi na jioni nilimwachia ndama anyonye, mimi nikikaa pembeni bila kugusa kiwele, angalau maziwa yasisimame kabisa. Ndama alinenepa. Erasto akauliza kama nimeajiriwa na ndama.

Siku ya kwanza bila kitu nilinuka vibaya, sitadanganya. Ya pili nilinuka vibaya zaidi, maana nililima. Lakini ya tatu, nikioga mara mbili kwa siku na kuvaa shati la moshi, nikaanza kunuka kitu ambacho sikukifahamu. Nikajinusa tena. Ilikuwa harufu ya baba akitoka zizini.

Jioni hiyo dada aliniita. Nikasimama mbele yake, mzee mzima mwenye watoto sekondari, nikainua mikono. Akanusa kwapa la kulia. Akanusa la kushoto. Akanusa kisogo. Akaingia ndani.

Kesho yake alfajiri koti lilikuwa kwenye kiti, nje ya mlango wa chumba changu.

Ni koti la kijivu, la suti ya zamani iliyokosa suruali. Kola imekuwa ngumu. Nililivaa taratibu kama mtu anayevaa nguo ya kuazima ya harusi. Halikunitosha mabegani, shemeji alikuwa mwembamba.

Ndama alinyonya, nikamtoa. Nikachuchumaa. Bihogo akageuza shingo akanusa mkono wa koti. Akanusa kwa muda mrefu, wakuu, kama karani anayekagua kitambulisho anachokitilia shaka. Kisha akageuka mbele akaanza kucheua.

Nikashika chuchu. Maziwa yakatoka.

Sauti ya maziwa kwenye chombo kitupu ni kali. Kadiri kinavyojaa inazama, inakuwa nzito, povu linaimeza. Nilikamua mpaka mikono ikaniuma. Hakikujaa siku hiyo, maziwa yalifika katikati. Siku ya tano kilijaa.

Dada alikuwa amesimama kwenye uzio, mkono wa plasta ameushika kwa ule mzima. Nilidhani anatazama maziwa. Alikuwa anatazama mgongo wa koti.

Nilipomaliza nikalivua haraka, nikamrudishia. Akaliinua, akainusa kola. Nikasubiri kama mtuhumiwa.

"Sasa mpo wawili humu," akasema.

Sikujua kama ni lawama. Nikamwambia pole. Akasema pole ya nini, akalitundika kwenye msumari wake, akaenda kumchemshia mtoto maziwa.

Nilikamua na koti hilo wiki tatu. Plasta ilipotolewa akarudi kazini mwenyewe. Bihogo hakukauka.

Nimefika mwisho, na najua kuna wanaosoma mwisho tu, kwa hiyo niwaeleze mliokuja kwa ajili ya makwapa.

Sikurudi kwenye spray. Siku hizi natumia mafuta ya nazi yasiyo na manukato, yamechanganywa na unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Unga unanyonya unyevu, mafuta yanashikilia. Havizuii jasho. Nalowa kama kawaida, ila sinuki kama zamani nikiruka siku, na wekundu haujarudi. Siku za vipindi vinane naoga tena mchana. Mke wangu hafungui tena dirisha. Nimeona nisimuulize.

Sijasema aluminium inaua. Sina ushahidi huo, na anayesema anao aulete tuusome. Nilichojifunza ni kidogo zaidi ya hapo. Kwanza, asili nayo inaunguza: magadi muyaache kwenye maharage. Pili, kabla ya kuuliza kilichomo kwenye kopo, uliza unajipaka kwa ajili ya nani. Mimi miaka thelathini nilijipaka kwa ajili ya watu nisiowajua, wasisikie harufu yangu. Ikatokea siku moja riziki ya dada yangu ikategemea kunuka kama mtu wa nyumbani, na nilihitaji siku tatu kukumbuka ananukaje.

Uwanja ni wenu. Mnaotumia vitu vya asili, semeni mnachanganya nini na ngozi imewajibuje. Wanakemia wenzangu, najua mtanishambulia kwa habari ya magadi, nimejiandaa.

Na kama kuna mtu humu ana nguo imetundikwa mahali, haivai na haifui, huyo asisumbuke kuandika. Nimeshamwelewa.