Kesi ya Majani ya Karoti

Ukipita mtaa ule asubuhi utaona dirisha limewekewa meza kwa ndani, na nyuma ya meza mtu mwenye jicho moja kubwa na moja dogo. Usiogope. Ni fundi saa, na lile jicho kubwa ni lenzi aliyoibana kwenye kope. Ameibana miaka thelathini na minne, hata akiivua uso unabaki umekunjamana upande mmoja, kama wa mtu anayekutilia shaka. Wateja wageni huanza kujitetea kabla hawajaulizwa neno.

Chini ya meza, juu ya mguu wa kushoto wa fundi, hulala sungura. Si wa kitoweo, tuelewane mapema. Ni wa kijivu, mnene, sikio moja limesimama na jingine limelala, na jina lake ni Mkaguzi. Alilipata siku aliyotolewa kwenye boksi la viatu: alizunguka nyumba nzima akinusa kila mguu wa kiti, kila pembe, kila ndala, kisha akarudi katikati ya chumba akakaa kama anayepanga ripoti. Mteja aliyemleta alisema, "Siku mbili tu, fundi, nahamisha vyombo." Siku mbili hizo leo zina miaka miwili na nusu. Mteja hajulikani alipo, na fundi anaomba asijulikane.

Wana mapatano yao. Mkaguzi ana sinia lake la nyasi kavu kando ya kabati, na haja zake huzimalizia hapo kwa adabu inayowashinda wageni wengine ninaowafahamu. Skrubu ndogo ikiruka sakafuni, hakuna kusogea, hata sungura hutulia mpaka ipatikane. Mteja akipandisha sauti kwamba saa ilikuwa nzima ilipoletwa, Mkaguzi hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu! na mteja hupunguza. Jioni fundi akimkuna katikati ya masikio, sungura husaga meno taratibu, kasauti kadogo kama ka saa iliyotoka kusafishwa. Fundi si mtu wa maneno. Lakini akisikia hivyo hujua siku imekwisha vizuri.

Maneno anayo mama yake. Bibi huyo ana miaka themanini na miwili, meno matatu, na ulimi uliokamilika. Kiti chake kiko humo humo karakana, karibu na dirisha, na kutoka pale huutangazia mtaa mzima: "Mnyama ndani ya nyumba ya watu! Nimezaa saba mimi, hakuna aliyelala na chenye mkia!" Kila apitaye husimamishwa na kusomewa hukumu hiyo. Mkaguzi husikiliza huku akijilamba.

Mke wa fundi ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko nyuma, na mlango wake unafungukia bustani. Bustani yenyewe ni hatua kumi na mbili kwa nane, ina nyanya, bamia, pilipili, mchicha, na mwaka huu, hatimaye, karoti. Jamani, karoti zile zilimtesa. Mara ya kwanza mbegu zilioza. Mara ya pili mvua ilizizoa ikazipeleka kwa jirani, zikaota huko, jirani akazila. Mara ya tatu ndipo ziliposhika, mistari minne iliyonyooka, na mke huyo akawa anakwenda kuzitazama kabla hata ya kunawa uso. Alikuwa amesema mapema, bila kucheka: "Baba watoto, siku sungura wako akigusa mche wangu mmoja, anahama."

Jumatatu alasiri akakuta mstari mmoja umenyolewa. Akaja karakana moja kwa moja, akainama chini ya meza, na hapo akamkuta Mkaguzi ametulia, kajani ka karoti kananing'inia kwenye sharubu.

"Haya," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mlango wa bustani una komeo," fundi alijaribu. "Sungura hana mikono."

"Ana meno. Jumamosi seremala anakuja kumchukua. Ana sungura majike watatu kule kwake, huyu hatalia njaa wala upweke."

Bibi kwenye kiti akakohoa, akaangalia nje. "Afadhali," akasema. Neno moja tu, naye ni mtu wa maneno mia. Fundi alipaswa kushtuka hapo hapo, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa Jumamosi.

Ilimuuma. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kwa ajili ya sungura tu. Kwa siku tatu alikuwa akifika mezani mapema, akikaa bila kufungua saa yoyote, mguu wa kushoto hausogei. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, wakati ambao kwa kawaida hujinyoosha kitandani, usingizi ukakataa. Akachukua lenzi yake akaenda bustanini. Akapiga magoti kwenye udongo akaanza kukagua vikonyo vilivyobaki, kimoja kimoja, kama vile ameletewa saa iliyokufa bila sababu.

Meno ya sungura anayajua. Yameshakata nyaya mbili za redio na kamba zake zote za viatu. Yakikata hukata mshazari. Vikonyo hivi havikukatwa mshazari. Vilikuwa na vijipembe, juu, chini, juu, chini, sawasawa kabisa. Fundi akakaa kitako. Ukingo ule ameuona kwenye vipande vyote vya vitambaa vinavyofagiliwa nyumbani mwake! Ni wa ule mkasi wa meno wa mkewe, unaokata zigizaga ili nyuzi zisichomoke. Na mkewe hawezi kunyoa karoti zake mwenyewe, hata akiota.

Akarudi ndani polepole. Kabla hajafika karakana akasikia sauti ya mamaye, ya chini, ambayo hakuwahi kumsikia nayo tangu udogoni.

"Kula, bwana mdogo. Kula upesi wasituone. Ukiondoka, uondoke umeshiba." Kisha akaongeza: "Nami nitaongea na nani? Mwanangu saa zimemla ulimi."

Fundi akasimama palepale ukumbini, kiatu kimoja mbele. Kisha akarudi nyuma kwa ncha za vidole, yeye mwenye nyumba, kama mwizi.

Sasa afanye nini? Utasema, amwambie mkewe, yaishe. Ni rahisi kwako. Mama na mkaza mwana wale waliwahi kununiana miaka tisa kwa sababu ya sufuria moja, na amani yao ina miaka minne tu. Amwambie mke kwamba mwizi ni mama? Tena mama aliyeutangazia mtaa mzima kwamba hataki kumwona sungura? Mzazi havuliwi nguo na mwanawe. Usiku huo fundi hakusema, na Ijumaa hakusema, ila alivalisha saa ya mteja mshale wa saa nyingine. Alikuwa amekata shauri. Angemwacha Mkaguzi aende, nyumba ibaki na amani.

Jumamosi seremala akaja na kizimba kipya, mbao zimepigwa randa hata harufu inapendeza.

"Shikamoo bibi. Leo nakuondolea mnyama wako."

"Marahaba," bibi akajibu, bila kumtazama.

Fundi akainama chini ya meza, akambeba Mkaguzi. Moyo wa sungura ulikuwa unakwenda mbio kwenye kiganja chake. Akamtia kizimbani taratibu. Seremala alipoanza kufunga mlango, mguu wa nyuma ukagonga mbao, pu!

"Hebu weka chini hicho kizimba!" Bibi alikuwa amesimama, bila fimbo.

Mke akatoka nyuma, futi ya kushonea shingoni. "Mama, si wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema na bado nasema! Mnyama ndani ya nyumba ni aibu. Lakini asionewe. Karoti hakula yeye." Akavuta pumzi. "Nimekula mimi."

Seremala akaangalia dari.

"Majani, mama?" mke akauliza.

"Majani."

"Mabichi?"

"Mabichi. Nilishikwa na hamu."

"Kwa meno matatu?"

"Ukiwa na nia, matatu yanatosha."

Mke akamgeukia mumewe. Fundi akabana lenzi yake jichoni, akamwendea mamaye, akasema, "Fungua mdomo, mama." Bibi akafungua. Akamkagua kwa makini, jino la kwanza, la pili, la tatu, mpaka seremala akaanza kuhama mguu mmoja kwenda mwingine.

"Ni kweli," fundi akasema. "Nimeziona alama bustanini. Ni za meno haya haya."

Mke akakumbuka mkasi wake. Asubuhi ile alikuwa amekata nao kitambaa cheupe cha mteja, na ukingo ukatoka na doa la kijani, akabaki akijiuliza limetoka wapi. Akamtazama mkwewe aliyesimama wima na mdomo ungali wazi, akamtazama mumewe na lile jicho lake kubwa, na kicheko kikamshinda. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Samahani, seremala," akasema akijifuta machozi. "Tumekusumbua bure."

"Na kizimba?"

"Kiache," bibi akasema, akikaa. "Tutakioteshea miche."

Wiki iliyofuata mke alipanda mstari wa tano, kando ya ukuta. Akamwita mkwewe, akamwonyesha. "Huu ni wako, mama, siku ukishikwa na hamu." Kisha akamwekea mkononi mkasi mdogo, wa kawaida. "Na meno yale mengine uyapumzishe. Ya kazi yale."

Bibi akaupokea, akautia mfukoni.

Mtaani bado anasikika akilaani mnyama ndani ya nyumba. Ila meza ya fundi imesogezwa hatua moja karibu na kiti chake, na Mkaguzi sasa hulala kichwa kwenye mguu wa huyu, makalio kwenye mguu wa yule.

"Mama," fundi husema bila kuinua lenzi, "hii ya leo ni ya mwalimu. Imeingia maji."

"Mwalimu yupi? Yule mrefu?"

"Yule mfupi."

"Ehe! Nilijua. Hebu nieleze, ameiangushia wapi?"

Naye humweleza.