Pole ya Asubuhi Ile

Kazi yangu ni kutunza seva za kampuni inayouza mbegu kwa simu. Seva zenyewe zimekodiwa mtandaoni, ziko nchi nisiyowahi kuikanyaga, nami nazisimamia kutoka kibarazani kwangu Bigwa, chini ya milima. Zamani mfumo ukigoma nilikuwa nagombana na kila kitu, hata kuku. Siku hizi namwandikia msaidizi wa akili mnemba kwenye kompyuta, naye anatafuta kosa na kulirekebisha.

Asubuhi moja ya msimu wa kupanda, oda zilimiminika, mfumo ukakwama. Nilimwandikia kwa ukali. Akagundua seva moja imezidiwa, akaniomba ruhusa ya kuwasha nyingine, nikakubali. Chai yangu ilikuwa bado ya moto oda zilipoanza kupita tena. Nikaona aibu kwa ule ukali, nikamwandikia, "Pole na kazi." Akajibu kwamba asante, ila yeye hachoki. Nikaguna. Sasa pole ya nini?

Wakati huohuo jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa anateremka kutoka shambani mlimani, tenga la kabichi kichwani, shingo imekaza.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho kwenye kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Asante," nikajibu, nikanyanyua kikombe.

Alipokwisha kupita ndipo nilipokumbuka kwamba pole yangu ya asubuhi ile nilishampa asiyechoka.