Siku Fahali Alipoingia Kanisani kwa Waya

Aibu niliyoipata mwaka wa tisini na tisa bado inanifuata, maana hata leo nikipita Kakamega mjini lazima kuna mjinga mmoja atanililia kama ng'ombe kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hivyo wacha niieleze mwenyewe na nitaje waliohusika, kwa sababu wao walinyamaza wakaniacha niibebe peke yangu.

Shule niliiachia darasa la saba. Kompyuta nilijifunzia kwa ofisi ya Jafeti, nikianza kama mfagiaji, na Jafeti (namtaja, hajakufa) akanigeuza fundi wa seva kwa sababu yeye mwenyewe, na diploma yake yote, alikuwa anaiogopanga. Ndani ya hiyo seva, kompyuta ya kuhifadhi kurasa za mtandao, tuliweka kurasa za watu wa Malinya wasiosalimiana: chama cha wapiganisha fahali, na kanisa la Mchungaji Ezekieli, ambaye kila Jumapili alihubiri kwamba fahali ni ushetani.

Mchungaji alikuwa amepata wageni wazungu wa kuleta kompyuta za kufundishia vijana. Akaniahidi, "Ndugu, ukurasa wetu ukiwapendeza, mwalimu ni wewe." Mimi, mwalimu! Mke wangu akaanza kupiga pasi shati la kazi ambayo sijapata.

Sasa wiki hiyo hiyo watu wa fahali wakataka anwani mpya. Ukihamisha anwani, unaiandikia seva amri ya kuelekeza watu, ni kama soko la Shianda lihamishwe halafu umwache mtu pale pa zamani awaambie akina mama wenye vikapu, "Piteni kule." Ilitakiwa niandike amri ya kila ukurasa peke yake, na kurasa zilikuwa nyingi, nikachoka. Nikamuuliza Jafeti, "Si niandike tu kwamba chochote kinachoanza na Malinya kiende kwa fahali?"

"Hapo sasa unafikiria kama fundi," akasema, macho kwa gazeti.

(Anwani ya kanisa nayo ilianza na Malinya. Hakuna aliyekumbuka, si mimi, si mwenye diploma.)

Siku ikafika, wageni wakajaa ukumbi wa juu ya ofisi, picha ya kompyuta ikarushwa ukutani. Mchungaji akawaambia wageni kwamba vijana wetu wameachana na fahali kabisa, kisha akanigeukia: "Fungua, mwalimu!" Nikafungua. Akatokea fahali mweusi, mkubwa kuliko mlango, pembe zimenolewa.

"Mayi!" mama mmoja akapiga kelele.

Nikasingizia laini ya simu. Nikaandika anwani ya ibada: fahali. Ya kwaya: fahali yule yule. Mchungaji, jasho likimtiririka, akaninong'oneza, "Nenda kwa wazee wa kanisa, pale kuna picha nzuri." Nikaenda, na safari hii nikaiacha picha ishuke polepole mpaka chini, na kumbe kando ya fahali kulikuwa na mtu kifua wazi, matope mwili mzima, anacheza ngoma ya isukuti: Mzee Likhanga, mzee wa kanisa, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele na tai yake.

"Hapo sasa haijakosea!" mtu akasema kutoka nyuma. "Si umeandika wazee wa kanisa?"

Ukumbi ukalipuka. Likhanga akasimama. "Hiyo picha ni ya zamani!"

"Zamani gani, mzee, na ni juzi umetuita tukupigie ngoma?"

Nikakimbia chini kurekebisha. Kwa kiherehere nikaandika kwamba fahali nao waelekezwe kanisani, lakini ile amri ya kwanza sikuifuta, basi kanisa likawa linatuma kwa fahali, fahali wanarudisha kanisani, mashine ikazunguka hapo mpaka ikaganda, na Likhanga bado yuko ukutani anacheza.

Mgeni mmoja akauliza kitu. Mkalimani akasafisha koo. "Wanauliza huyo fahali atapigana lini."

Basi Mchungaji mwenyewe akawapeleka Malinya alfajiri kutazama pigano, viatu vimelowa umande, na nasikia alipiga makofi. Kompyuta zikaja. Mwalimu akawa Jafeti, aliyemwambia Mchungaji, "Huyo nilimwonya." Likhanga alitengwa na meza ya Bwana, akasamehewa kabla mahindi hayajavunwa. Mimi sijasamehewa.

Sitaandika tena neno "chochote" mahali mashine inaweza kulisoma. Na wewe, mtu wa diploma akikukubalia jambo bila kuinua macho kwa gazeti, mwambie aje aliandike kwa mkono wake.